Sanamu ya Nta ya Bibi Avelina

Haya yalimpata mama yangu mdogo, Hawise, aliyekuwa mtumishi wa ndani katika ngome ya Hartmoor. Alinisimulia mara moja tu, huku akichambua sufu. Hakulia. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Ilikuwa asubuhi kama nyingine. Wanawake walikuwa wakianika mashuka, na bwana mdogo Fulk akapita uani akitafuna tufaha.

"Hawise, nikivaa taji utaniinamia?"

"Nikuinamie wewe niliyekufuta kamasi? Labda nikiangusha sindano."

Akacheka hadi tufaha likampalia.

Hartmoor nzima iliamini taji ni lake. Babu yake alikuwa mwana wa kwanza wa mfalme wa zamani. Binamu aliyekalia kiti alitoka kwa mwana wa pili. Vita vya kukidai kiti hicho vilishawala baba yake Fulk na kaka zake wote. Alibaki yeye. Mama yake, Bibi Avelina, hakutaka vita tena. Alitaka njia ya kimya.

Mchana ule alimwita mama mdogo chumbani, akafunga mlango. Mezani palikuwa na mtu mdogo wa nta, mwenye taji kichwani.

"Ukifungua mdomo, tutachomwa wote wawili."

"Sijaona kitu, Bibi."

Bibi akaiweka sanamu kando ya moto. Jina la binamu yule hakulitaja. Tangu amzike mumewe, jina lile lilikuwa halipiti kooni mwake. Akanong'ona tu: "Huyu ni mfalme wa Uingereza. Kama nta hii inavyoyeyuka, naye ayeyuke."

Kila siku waliisogeza karibu zaidi na moto. Pua ikalainika. Vidole vikashikana.

Siku moja, barafu ikiwa imeganda kwenye ndoo, Fulk alivua joho wakati wa chakula. Alisema anaungua. Mama mdogo alimpa kitambaa ajifute jasho. Akakitazama kitambaa. Nyusi zilikuwa zimebaki humo.

Kesho yake Fulk hakuweza kushika kijiko. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana.

Mama mdogo alimfuata Bibi dirishani.

"Bibi. Hukutaja jina."

Bibi aliyarudia maneno yake ya siku ile kwa kunong'ona. Kisha alielewa.

Waliitoa sanamu motoni, wakaizamisha kwenye maji ya kisima. Waliisomea sala. Fulk alitetemeka kitandani, maji yakimtoka mdomoni. Wakaitoa majini upesi, wakaiweka juu ya jiwe baridi, mbali na moto wowote.

Ikaendelea kuyeyuka.

Mama mdogo alikaa na Fulk hadi mwisho. Hakuwa na maumivu, mama mdogo aliniambia. Alikuwa akilainika tu. Uso ulikuwa laini, hauna mikunjo, kama ambao haujawahi kukasirika wala kucheka. Alitaka kusema kitu, lakini midomo ilikuwa imeungana.

Alifariki mchana, jua likiwaka. Mjumbe wa mfalme akafika akiwa hajui la msiba, akatangaza uani kwamba mfalme ni mzima wa afya, na jana alikwenda kuwinda kulungu.

Bibi Avelina alikuwa ameketi kando ya maiti. Alimgeukia mama mdogo, macho makavu.

"Si niliwaambia?" akasema polepole. "Mfalme ni mwanangu."

Hakusema neno jingine mpaka alipokufa.

Walimzika Fulk nje ya kanisa, upande wa kaskazini, mahali pasipofikiwa na jua. Mimi nimezaliwa hapa na majira ya baridi ya hapa nayajua. Theluji huanguka, hufunika makaburi yote, hufunika ukuta na mti wa msonobari. Kwenye bamba lake la jiwe haikai. Paka wa kijiji hulala hapo, wamejikunja.

Mwaka jana nilivua glovu, nikaweka kiganja.

Jiwe likabonyea.