Sahani ya Chini

Saa tatu asubuhi, Ijumaa moja ya Machi 1998, mwanamke ambaye Mwanvua hakuwahi kumwona aliingia dukani na kubwaga kidude cha shaba juu ya meza.

"Ni we unauzaka vyuma vya uongo?"

Mwanvua alikuwa na shahada ya kemia na miaka miwili ya barua za kuomba kazi zisizojibiwa. Tangu baba yake afariki, alikuwa akiuza vipuri katika duka la marehemu, hapa Buyenzi. Matusi alishayazoea, ila duka la baba yake halikuwahi kuitwa la uongo.

"Karibu, mama. Niambie kwanza we ni nani."

"Léoncie. Infirmière, muuguzi. Napelekaka maziwa ya watoto kambini kwa waliokimbia vita, njia ya Muramvya. Jana lori yangu imechemka mu mlima, askari na msafara wakaniacha. Msafara mwingine ni kesho saa kumi na mbili. Ule utafuata, hakuna anayejua ni lini. Na kule maziwa imebaki ya siku mbili!"

Mwanvua aliokota kile kidude. Ilikuwa termosta, kifaa kinachoyafungulia maji ya moto ya injini njia ya kwenda kupoa kwenye rejeta. Upana ulikuwa sawa, namba ya joto sawa, 79. Lakini chini haikuwa na sahani ya pili. Wala haikuwa na alama ya msumari, aliyoikwaruza kwenye kila termosta aliyoijaribu.

"Hii si ya kwangu. Jumatano saa tisa nilimpa dereva wa lori la maziwa yenye sahani mbili, ndani ya boksi la bluu."

"Boksi yenyewe sijaiona! Jumatano jioni, lori iko tayari, dereva wangu Gélase aliniambia iko mu kabini, nzima, atanipa kesho yake niiweke mu rapport ya matumizi. Kesho yake: imepotea."

"Mama, kesho kabla ya msafara utakuwa na termosta nzuri, na utamjua aliyeibadilisha. Nakuahidi."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Tangu nchi iwekewe vikwazo vya biashara, vipuri vilikuwa haviingii, na ile ya Jumatano ndiyo iliyokuwa ya mwisho dukani.

Lori, Benz kuukuu, lilikuwa limekokotwa hadi kwenye gereji ya fundi Djibril, mitaa miwili mbele. Gélase alikaa kwenye ngazi ya kabini, kofia imefunika macho.

"Binti ya Sulemani, umekuja kunishitaki?" Djibril alicheka. Kando yake kulikuwa na kopo wazi limejaa termosta kuukuu. "Mu joto ya mji huu wa Buja, hii kitu haina kazi. Mi naing'oaka, natupa humu. Ya mama niliweka kwa sababu alikazana, Jumatano saa kumi."

Mwanvua alichokora kopo. Za sahani moja zilikuwa tisa, zinafanana kabisa na ile aliyoishika.

"Si ndiye huyu?" Léoncie alifoka. "Mwizi!"

"Kopo iko wazi, kila dereva anachokora! Na hiyo yenu ni nzima, ichemsheni muone."

Mwanvua aliitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa jikoni kwa ajili ya chai. Maji yalipopata moto, ikafunguka vizuri. Djibril akapiga makofi. "Sasa kosa iko wapi, mwanachuo?"

"Kosa ni kisichokuwepo. Injini hii ina njia ya mkato, inayorudisha maji ndani kabla hayajapoa. Sahani ya chini ndiyo inayoiziba. Bila hiyo, maji yanazunguka mlemle. Kwenye tambarare huoni kitu. Mlimani inachemka."

Djibril alitazama kopo lake, midomo ikihesabu. "Na zile za Benz zote nilizong'oa... Ya Allah! Miaka makumi mbili nawatukana madereva!"

"Gasikiti, ile karatasi ya kuziba maji, unaikata kutoka kwenye nini?"

"Katoni ya sabuni, siku zote."

Mwanvua alibandua gasikiti iliyokuwa bado imeganda kwenye mfuniko wa termosta. Aliifuta mafuta kwa kidole. Ilikuwa ya bluu, na pembeni ilionekana tarakimu ya saba na nusu ya tarakimu ya tisa.

"Hili ni boksi langu. Djibril alipomaliza kazi, boksi lilikuwa kabini, zima. Mama ameambiwa hivyo na dereva mwenyewe. Basi aliyelikata alifungua injini baada ya hapo. Boksi lilikuwa na nani, Gélase?"

Gélase alivua kofia taratibu.

"Sisi wa milima tunajua ya sahani moja inachemka wapi. Inachemka kabla ya kufika Bugarama." Alimtazama Léoncie. "Pale dereva mwenzangu Valéry alipigwa risasi, mwezi uliopita. Mi ndiye nilimutoa mu kabini, mama. Nikikataa safari, kazi imeisha. Lori ikikataa, hakuna wa kulaumiwa."

"Nilikuwa pembeni yako jana! Mi siogopi?"

"Hukusema."

"Na we hukusema!"

"Ile ya sahani mbili iko wapi?" Mwanvua aliuliza.

"Mu mto Ntahangwa. Nimeitupa."

Mwanvua alifumba macho. Alijua sasa imebaki moja tu.

Alasiri alikuwa ameinamia injini, akifungua termosta ya sahani mbili ya lori la marehemu baba yake, nyuma ya duka, kaka yake Moubarak akimfokea. "We una wazimu? Wiki tatu tumengojea nafasi mu msafara! Viazi zitaoza kule juu! Ahadi ni yako, lori ni yetu wote!"

"Najua."

"Unajua halafu unafungua?"

"Watoto, Moubarak. Siku mbili."

Moubarak alizunguka lori mara mbili akilaani vita, vikwazo na chuo kikuu. Kisha akampokonya spana. "Toka. Utavunja bolti."

Jumamosi saa kumi na mbili kasoro robo, Gélase alijaza maji kwenye rejeta, akamkabidhi Léoncie ufunguo bila kumtazama. Léoncie alipanda mwenyewe kwenye usukani. Akapiga honi mara moja.

Lori la akina Mwanvua lilikuwa limepangiwa nafasi ya kumi na nne katika msafara huohuo. Nafasi hiyo ilikaa wazi kwa muda kati ya magari mawili. Kisha askari akapunga mkono, lori la nyuma likasogea, likaijaza.