Sikio la Kushoto

Huyu alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango, na mkasa wenyewe ulimkuta mchana kweupe. Wateja walimwita Dada Mitambo, kwa kuwa aliendesha studio ya kurekodia muziki peke yake, vyumba viwili nyuma ya duka la viatu. Cha mbele kilikuwa na kompyuta na spika. Cha ndani, kilichobandikwa magodoro ukutani, ndimo waimbaji walimosimama mbele ya maiki.

Jumatano hiyo ilianza kama siku yoyote. Alifagia, akakunja nyaya, akabishana na kiongozi wa kwaya aliyetaka besi wake wasikike "kama ngurumo, lakini ya upole." Kilichomsumbua ni sikio. Wiki ya tatu sasa la kushoto, lile lenye matundu matatu ya hereni, lilikuwa kimya, kama limejazwa pamba. Daktari alilimulika, akasema ni zima kabisa.

Faraja yake ilikuwa mdogo wake. Alimlea binti huyo tangu mama yao alipofariki, akambeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto. Miaka yote binti alikuwa mwitikiaji tu, sauti ikimkwaruza kila alipopanda juu. Mwezi huo, ghafla, sauti ikafunguka. Wapita njia walisimama mlangoni kumsikiliza. Dada Mitambo aliisikia kwa sikio moja, na machozi yakamtoka kwa macho yote mawili.

Adhuhuri, mdogo wake alipotoka kununua chai, Dada Mitambo aliona faili ndefu kwenye kompyuta. Jana alikwenda kutafuta waya, akasahau kuzima. Mashine ikarekodi chumba kitupu. Akavaa hedfoni aone pa kukata.

Mlango ukafungwa. Hatua. Kisha mnong'ono wa mdogo wake.

"La kushoto umeshachukua. Si nilikwambia hatashtuka?"

Kimya. Lakini kwenye skrini kipimo cha sauti kilipanda hadi kwenye nyekundu, kama kuna mtu anapiga kelele.

"Kesho," mdogo wake akajibu. "Tukishamaliza wimbo."

Akarudisha nyuma. Safari hii aliona vizuri: kilichopanda kilikuwa kipimo cha upande wa kushoto peke yake. Akageuza hedfoni, upande wa kushoto ukakaa kwenye sikio lake zima.

Kitu kikapumua. Kikauliza polepole, kama kinachojifunza kusema:

"La kulia lini?"

Kesho. Kesho ya jana ni leo.

Hakusikia mlango. Alihisi joto la chai karibu na shavu la kushoto. Mdogo wake alikuwa amesimama pale, vikombe viwili mikononi, haijulikani tangu saa ngapi.

Dada Mitambo alivua hedfoni.

"Umesikiliza mpaka mwisho?" binti akanong'ona.

"Nimekubeba mgongoni, mimi."

"Najua, dada. Ndiyo maana kikakubali. Kilitaka mtu anayenipenda."

"Kwa nini hukutoa la kwako?"

Binti akamtazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Mwimbaji bila masikio ataimbaje?"

"Na fundi wa sauti?"

Binti aliweka kikombe mezani, akakisogeza karibu naye. Sukari ameshamtilia, vijiko viwili, kama anavyopenda.

Dada Mitambo alinyanyuka. Akang'oa waya wa maiki. Akafunga chumba cha ndani kwa ufunguo.

"Toka. Usirudi hata ukisikia nimekufa."

Binti alitoka bila kugeuka. Barabarani akaanza kuimba, na kila aliyepita akasimama. Na Dada Mitambo, Mungu amsamehe, alisimama mlangoni akasikiliza mpaka sauti ilipopotea.

La kulia alilinusuru. La kushoto halikurudi. Mwezi uliofuata aliamua kuhama, akamwita fundi wa vioo aje kutoa kioo kikubwa kilichotenganisha vyumba. Juu kabisa, karibu na dari, kilikuwa na doa la mafuta. Fundi akalifuta; halikutoka. Akazunguka upande wa pili, akafuta. Wapi.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hivi ni vioo viwili, vimezibwa pembeni tangu kiwandani. Hili doa liko katikati."

Dada Mitambo akapanda kwenye kiti. Lilikuwa alama ya sikio lililobanwa kwa nguvu, la mtu anayesikiliza. Sikio la kushoto. Chini yake kulikuwa na matundu matatu ya hereni.

Akapeleka mkono kwenye sikio lake la kushoto, akayahesabu matundu yake kwa kidole. Moja. Mawili. Matatu.

Fundi alishakusanya vifaa vyake na kuondoka.