Chai ya Tunu na Neno la Wazee

Tunu ana miaka sita. Anakaa Tanga na bibi yake, Bibi Mwanamisi. Nyumba yao ina baraza la saruji.

Leo Tunu amepika chai kwa mara ya kwanza. Maji na maziwa ameyapima mwenyewe. Tangawizi ameitwanga mwenyewe. Bibi alishika sufuria tu, maana sufuria inaunguza.

Tokota, tokota. Chai ikachemka.

"Nataka wageni wainywe ingali moto," alisema Tunu. "Nataka waniambie kama ni tamu."

"Watakwambia," alisema Bibi. "Lakini sheria unaijua."

Tunu anaijua. Nyumbani kwa Bibi, mtoto hanywi mpaka mgeni ameonja.

Wageni wa Jumamosi ni walewale wanne, na wameshakaa kwenye mkeka barazani. Kuna Mwalimu Shekigenda, aliyestaafu lakini hajaacha kufundisha. Kuna Mzee Awadhi, muuza halua. Kuna Bwana Popat, muuza vitambaa, na Bwana Lin, muuza vigae.

Chururu, chururu. Tunu akajaza vikombe vinne. Mvuke ukapanda juu.

"Karibuni chai," alisema.

Mwalimu Shekigenda akainua kikombe. Akakinusa. Kisha akakishusha.

"Chai," alisema. "Neno zuri la Kiswahili."

"La Kiswahili?" aliuliza Mzee Awadhi. "Sisi Waarabu tunasema shai. Mmelichukua kwetu."

Wakasema, wakasema, wakasema.
Na chai ikapoa kidogo.

Bwana Popat akacheka kwa pua. "Nenda India, Mzee Awadhi. Huku wanasema chai, huku wanasema cha. Babu yangu alikuja nalo hapa."

"Alilitia mfuko gani?" aliuliza Mzee Awadhi.

Wakasema, wakasema, wakasema.
Na chai ikapoa kidogo.

Bwana Lin akakohoa. "Kwetu Uchina ni cha. Majani yenyewe yalitoka kwetu. Nyinyi wote mmeazima."

"Tuliazima, tukatia maziwa," alisema Bwana Popat. "Yenu ilikuwa maji ya majani."

Bwana Lin akavua miwani. Kwa Bwana Lin, kuvua miwani ni jambo kubwa.

Wakasema, wakasema, wakasema.
Na chai ikapoa kidogo.

Na ukweli ni upi? Neno lilianza safari Uchina. Likapita kwa Waajemi, likapita kwa Wahindi, likapita kwa Waarabu, likafika kwetu. Kila mahali watu walilikunja kidogo, wakalikaribisha, wakanywa. Neno limeizunguka dunia. Wazee hawa hawajanyanyuka hata kwenye mkeka.

Tunu alisimama mlangoni akitazama vikombe. Mvuke ulikuwa umeisha. Juu ya chai palikuwa na utando wa maziwa.

"Babu Mwalimu," alisema, "chai inapoa."

"Ngoja, mjukuu wangu," alisema Mwalimu. "Hatujamaliza kuzungumza habari za chai."

Vvvvv. Nzi akatua kwenye kikombe cha Mwalimu. Wasemao husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Leo furaha ilikuwa ya nzi.

Tunu aliumia sana. Chai yake ya kwanza, na hakuna aliyeionja. Na yeye mwenyewe haruhusiwi.

Shwa, shwa, shwa. Ufagio ulipita mbele ya baraza. Alikuwa Bi Chausiku, anayefagia barabara.

"Shikamoo, Bi Chausiku," alisema Tunu.

"Marahaba, mjukuu. Nasikia harufu ya tangawizi."

"Nimepika chai. Lakini kwanza nikuulize. Kwenu Handeni, chai mnaiitaje?"

Bi Chausiku akaegemea ufagio wake. Akafikiri.

"Hatuna haja ya kuiita," alisema. "Tunainywa."

Tunu akakimbia jikoni. Sufuria ilikuwa bado juu ya makaa, na chai iliyobaki ilikuwa moto. Bibi akamshikia sufuria. Chururu, chururu.

Bi Chausiku akapuliza, fuu. Akanywa, fyooo. Akafumba macho.

"Tamu," alisema. "Tangawizi imezidi kidogo, ila tamu. Niongeze."

Tunu alifurahi mpaka miguu ikacheza yenyewe. Kisha akakumbuka sheria. Bi Chausiku ni mgeni. Bi Chausiku ameonja. Basi Tunu naye akajimiminia.

Fuu, fyooo. Fuu, fyooo. Wakanywa wawili mpaka sufuria ikaonyesha tako lake.

Barazani, Mwalimu Shekigenda alishika kikombe chake. Akamwona nzi. Nzi alikuwa anaoga.

"Tunu," aliita, "tuletee chai ya moto."

"Chai imekwisha, Babu Mwalimu," alisema Tunu kwa adabu. "Lakini neno bado lipo. Gawaneni."

Bwana Lin akavaa miwani yake. Mzee Awadhi akatazama kidole gumba cha mguu wake. Bibi Mwanamisi alijifunika uso kwa upindo wa kanga, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Jumamosi iliyofuata, Tunu alipika tena. Tokota, tokota. Chururu, chururu.

Safari hii chai ilikuwa kwenye birika, na vikombe vilikuwa vitano. Cha kwanza alipewa Bi Chausiku, aliyekaa katikati ya mkeka na ufagio wake pembeni.

Wazee hawakusema neno. Fuu, fyooo. Fuu, fyooo.

"Tamu," alisema Bwana Lin.

"Tamu," alisema Bwana Popat.

"Tamu sana," alisema Mzee Awadhi.

Mwalimu Shekigenda akajipangusa midomo. "Sasa hili neno sukari," alianza. "Hili neno sukari..."

Tunu akaweka mkono juu ya birika.

Mwalimu akamtazama Tunu. Akalitazama birika. Akanywa chai yake.