Wauzaji Kumi na Mmoja

Pale nyumbani mama mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa wote, na hata mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyemzidi umri hata yeye amwamkie. Kwa hiyo mkwewe, mwandishi wa gazeti, aliposhuka kwenye pikipiki mchana ule, vumbi limemjaa hadi kope, na kumkuta mlangoni ameinamisha kichwa akisema kwa adabu, "Shikamoo," alicheka. Akageuka. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Umemwamkia nani, mama?"

"Huyo mzee uliyekuja naye. Mkaribishe, ametota."

Mvua ilikuwa haijanyesha miezi minne.

Wenzake kazini walimwita mwandishi huyo Bi Faili, maana aliamini binadamu husahau lakini karatasi haisahau. Wiki tatu alikuwa akishinda masjala ya ardhi, akifuatilia jinsi mheshimiwa mbunge alivyolipata bonde zima kando ya mto. Kwenye hati za mauzo wauzaji walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na alama ya dole gumba lake. Akaenda kwa msajili wa vifo, akalinganisha majina: wote kumi na mmoja walikufa kwenye mafuriko, mwaka mzima kabla ya kuuza. Asubuhi hiyo alikwenda bondeni kujionea kwa macho yake. Penye uzio wa mheshimiwa alimsomea mlinzi jina la kwanza, kwa sauti, amuulize kama anamfahamu. Mlinzi akamwomba anyamaze. Hapa, alimwambia, majina hayaitwi.

Jioni mumewe, fundi cherehani, alilalamika kwamba sakafu ya sebuleni imelowa. Akapangusa, ikalowa tena. Harufu ya tope ikaingia kwenye vitambaa vya wateja, kwenye mito, hadi kwenye chai. Kesho yake mwandishi aliketi kusikiliza mahojiano yake na yule mlinzi, aliyoyarekodi kwenye simu, na kila alipouliza swali, kabla mlinzi hajafungua kinywa, palisikika mtu mwingine akivuta pumzi kama aliyeibuka majini, akijaribu kusema, akizama, akiibuka, akizama tena, mpaka mwandishi akashindwa kuvumilia akaizima simu, na pumzi ile isikome, ila sasa ikawa inatoka chumba cha mama mkwe, ambako bibi kizee alikuwa ameketi wima kitandani, macho yamegeuka meupe, maji yakimchuruzika kwenye ncha za vidole.

Mume akamleta mganga, mama mmoja mnene asiyependa maneno mengi. Akafukiza ubani, akasoma yake, akauliza aliyepanda ni nani na anataka nini. Kinywa kilichojibu kilikuwa cha mama mkwe. Sauti ilikuwa ya mwanamume.

"Niliitwa jina langu. Sikuuza."

"Tumekusikia," mganga akasema. "Mwachie mama wa watu."

"Aandike kwanza."

Mwandishi akaandika kwenye daftari: jina, tarehe ya kuzama, tarehe ya dole gumba. Alipoweka nukta, mama mkwe alikohoa tope la kujaa bakuli, akalala kama mtoto, akaamka akidai uji. Mwanawe, yule fundi, alilia bila kujificha.

Lakini mganga hakukunja mkeka wake. Alikuwa akiutazama mlango uliokuwa wazi, na jua kali la saa nane likiwaka nje.

"Huyu ametoka," akanong'ona. "Ila hakuja peke yake. Wenzake kumi wamesikia kwamba unaandika."

Mume alimsihi mwandishi alichome lile daftari, wahame, mheshimiwa abaki na bonde lake. Mganga naye alisema anaweza kuwafunga wasiingie, lakini wakifungwa hawatasema tena. Mwandishi aliwasikiliza wote wawili. Alitamani sana kukimbia. Akavuta meza, akafungua ukurasa mpya.

"Aanze nani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Viti vyote vya sebuleni vikavutwa kwa mpigo.