Udi Katika Nyumba ya Eda

Mwili wa Batuli ulikutwa baada ya sala ya alasiri, chumbani mwake, mtaa wa Shela, Malindi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Karibu na kichwa chake palikuwa na chetezo kilichojaa majivu, na juu ya majivu vipande vya udi.

Chetezo hicho ndicho kilichowapa watu la kunong'ona.

Batuli alikuwa katika eda. Mumewe, Gharib, alikuwa amezikwa majuzi tu. Mjane wa eda hajitii manukato, hapaki hina, havai dhahabu. Hukaa nyumbani mpaka muda wake utimie. Hilo kila mtoto wa Shela analijua. Sasa mjane amekutwa amekufa penye udi, na mlango umerudishwa. Alikuwa akijifukizia nani?

Swali hilo liliulizwa barazani na jikoni. Waliouliza hawakutaka jibu. Walitosheka na utamu wake.

Mama mkwe, Bi Rayhana, alitaka maziko yafanyike kabla ya magharibi. Mwanawe aliyebaki, Muzammil, mwalimu wa kemia, alikwisha kuagiza sanda. Daktari wa nini? Aibu, alisema Bi Rayhana, haipelekwi hospitali.

Aliyepiga simu polisi ni Zainab, dada yake Batuli wa tumbo moja. Alipoambiwa ameliacha jina la nyumba uchi, alikaa mlangoni mwa chumba na hakumruhusu mtu kupita.

Inspekta Mwanatumu alifika, akamwamkia kwanza mwenye nyumba, Bi Rayhana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tusitiri."

"Ndilo nililojia."

Inspekta alikuwa mzaliwa wa Pate. Hakuhitaji kuelezwa eda ni nini. Zainab alimwambia jambo moja tu, kwa sauti ya chini. "Dada yangu aliitoa humu hata sabuni ya kuogea, kwa kuwa ilinukia. Akizikwa na maneno haya, hayatamtoka tena."

Inspekta akapiga magoti. Alinusa kanga ya marehemu, kisha nywele zake, kisha pazia. Hakupata kitu. Na udi, kama ajuavyo kila aliyelelewa nao, ukishawaka chumbani hushika nguo, na nguo hiyo huifua ukaianika na harufu ikabaki.

Akachukua kibano, akainua kipande kimoja. Upande wa chini ulikuwa msafi. Udi ukikaa juu ya kaa la moto huwa mweusi, mafuta yake yakachemka na kutoka. Huu ulikuwa kama umetoka kopoani sasa hivi. Ulikuwa umewekwa juu ya majivu baridi, majivu ya jikoni.

"Huyu hazikwi leo," alisema.

Muzammil alicheka kidogo. Alisema serikali siku hizi inawapa vyeo watu wa kunusa mapazia.

Uchunguzi wa maiti ulifanywa asubuhi. Daktari aliona vidoa vya damu ndani ya kope, na michubuko upande wa ndani wa midomo. Midomo yenyewe na kucha vilikuwa na rangi ya samawati. Chini ya kucha za mkono wa kulia palikuwa na ngozi ya mtu mwingine. Batuli alikuwa amezibwa pumzi kwa kitu laini. Mto wake ulichukuliwa kuwa kielelezo.

Muzammil aliitwa kituoni, mbele ya inspekta na koplo wa kuandika. Alikuja amevaa koti jeupe la maabara, mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa, katika joto lile la Malindi. Waliokuwa nje wakaona kisomo kimepita. Alimwangalia inspekta kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Umesoma sayansi, bibie?"

"Mpaka kidato cha nne."

"Basi nitasema polepole."

Akasema polepole. Makaa ni kaboni. Kaboni ikiungua penye oksijeni ya kutosha hutoa kaboni dioksidi. Oksijeni ikiwa haba, kama katika chumba kilichofungwa, hutoka kaboni monoksidi. Hiyo haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu husikia usingizi, akalala, akafa. Shemeji yake, Mungu amsamehe, alifunga madirisha ili jirani wasinuse anachokifanya. Ujinga na tamaa, akasema, ni mchanganyiko unaoua kuliko wowote alionao maabara.

Inspekta alimwacha amalize. Mtu anayependa sauti yake usimkatize. Yeye mwenyewe atakuonyesha njia.

"Nimefahamu, mwalimu. Na aliyekufa kwa hewa hiyo, mwili wake huwa na rangi gani?"

Mtu mwenye busara angesema hajui. Lakini neno hilo Muzammil hakupata kulitamka mbele ya mwanamke.

"Mwekundu," alisema. "Damu iliyoshikwa na kaboni monoksidi huwa nyekundu mno. Maiti huonekana kama mtu mwenye afya. Ni swali jepesi."

Inspekta akageuza picha iliyokuwa imelala kifudifudi mezani. "Huyu midomo ni ya samawati."

Muzammil aliitazama kwa kukunja uso, kama anayesahihisha jibu la mtu mwingine. Kisha uso ukabadilika.

"Vua koti," inspekta alisema.

"Kuna joto gani la kunivulisha koti?"

"Vua."

Mkono wake wa kushoto ulikuwa na mikwaruzo, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko.

Alisema ni paka. Akaambiwa ngozi ya chini ya kucha itapelekwa kwa wapimaji, na wao hawaulizi paka. Akaomba maji, akanywa, akaanza kusema. Alipoanza hakunyamaza.

Alikuwa amepita mlango wa uani, mama yake akiwa amelala chumba cha pili. Udi aliuchagua kwa makusudi. Alijua mama ataona haya, na mwenye haya huzika upesi. "Watu wetu hawachunguzi aibu," alisema. "Wanaitafuna."

"Na mbona hukuwasha makaa?"

"Mama angenusa akaamka. Udi, katika nyumba ya eda?"

Inspekta alimtazama. Mwalimu mzima wa kemia alitaka moto uue bila kuwaka.

"Sasa sababu."

"Andika ugomvi wa kifamilia."

"Shela watalijaza wenyewe neno hilo. Watasema mlikuwa na jambo, wewe na yeye. Sababu."

Hapo ndipo alipogoma. Kuua alikiri bila kutetemeka; hili lingine alilizunguka kama mtu anayezunguka tope. Ilibidi livutwe neno kwa neno.

Muhula uliopita, mbele ya wageni waliokuja kuitembelea shule, Muzammil alitaka kuonyesha wepesi wa mkono. Alichukua asidi ya salfuriki kali, akamimina maji ndani yake. Ikachemka palepale, ikaruka. Ilimpata msichana wa mstari wa mbele, Whitney, ikampofua jicho moja. Muzammil akasema msichana alikuwa akichezea chupa. Whitney akafukuzwa shule, akarudishwa kwao Ganze na jicho lake moja na jina la mtundu.

Batuli ndiye aliyekuwa mtunza maabara. Aliona. Gharib alimsihi asimtie nduguye aibuni, naye akanyamaza, kwa kuwa alimpenda mumewe. Baada ya mazishi alimwita Muzammil, wakazungumza pazia likiwa katikati. Alimwambia halmashauri ya shule imekubali kuja kumsikiliza nyumbani, maadamu hatoki. "Nilinyamaza kwa ajili ya Gharib," alimwambia, "na Gharib hayupo."

"Ungefukuzwa kazi?" inspekta aliuliza.

"Kazi si kitu. Wangejua nimekosea nini." Akaisogeza bilauri ya maji kando. "Hilo hata mtoto wa kidato cha kwanza halikosei. Tafadhali. Andika nimeua. Habari ya maji usiiandike."

Inspekta akavuta kiti karibu.

"Mimi niliishia kidato cha nne, mwalimu, na nimesahau mengi. Nifundishe. Kipi humiminwa ndani ya kipi?"

Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya Batuli.

"Asidi ndani ya maji," alisema.

"Kwa sauti. Koplo anaandika."

Maiti ilirudishwa nyumbani siku ile ile. Wanawake wa Shela walijaa uani, wale wale. Zainab aliwaeleza yote waziwazi, tangu maabara hadi mto, ili asiwepo wa kusema hakusikia. Walisikitika sana. Mmoja akaapa kwamba yeye tangu awali hakuamini.

Zainab alimtazama mpaka akainamisha macho. Kisha akakunja mikono ya nguo yake, akaingia ndani kumwosha dada yake.