Posa ya Majaribio

"Nimechoka kukuaga kila jioni. Nataka tuwe tunaagana asubuhi tu, nikienda kazini."

Mkasi akaangua kicheko. Jina hilo walimpa kazini kwa sababu ndiye mhariri wa filamu, na akikata amekata. Aliyepiga goti mbele yake, katikati ya nyaya na vikombe vya kahawa, alikuwa mwongozaji wa filamu yenyewe, mpenzi wake wa siku nyingi.

"Unamwigiza Sharubu? Hata ule mkato wa pumzi umeupatia."

"Nakuposa, Mkasi."

"Kwa maneno ya filamu?"

"Jana si ulisema yanaaminika?"

Ni kweli alisema. Jana mwongozaji alimletea vipande vya Sharubu, mwigizaji wao mkuu, akimposa mtu asiyeonekana, amchagulie kilicho bora. Mkasi akachagua. Sasa hakujua acheke, alie, au amrushie kiti. Mwongozaji akainuka, akajipangusa goti, akatoka bila kuaga.

Mkasi akampigia Sharubu.

"Shemeji, lile onyesho la posa linakaa wapi kwenye hadithi? Natafuta sioni."

"Lile halimo. Bosi aliniambia ni majaribio tu. Tumerudia mpaka goti limevimba."

"Majaribio ya nini?"

Sharubu akakohoa kidogo.

"Shemeji, mimi simo. Muulize mwenyewe."

Mkasi akakata simu. Kumbe alijichagulia posa yake mwenyewe, kama mtu anayechagua viatu dukani! Ugomvi wao wa siku zote ulikuwa huu: mwongozaji aliwahusudu wenzake wanaorudia onyesho hadi mwigizaji aombe poo, Mkasi aliwapenda wale wanaoiacha kamera usoni mwa mtu mpaka asahau kuigiza. Sasa huyu bwana anampenda yeye, au anapenda onyesho litoke safi?

Ujumbe ukaingia: "Nisamehe. Niliogopa kuharibu."

Akajibu: "Kuharibu nini? Mimi ni filamu?"

"Filamu ikiharibika narudia. Wewe nitakurudia wapi?"

Moyo ukamlainika, halafu ukashtuka. Na hili je, alilifanyia majaribio? Akatoka mbio, akamkuta amejikunyata kwenye ngazi, simu mkononi.

"Huu ujumbe umeuandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Mara ngapi?"

"Mara moja. Sikuusoma tena."

"Haya, niambie unachotaka. Na si yale ya Sharubu."

Mwongozaji akaweka simu chini. Akaanza na mama yake, akahamia kwenye kodi ya nyumba, akarudi kwa mama. Akasema anaogopa. Akasema kitanda chake kinapiga kelele lakini fundi yupo. Akasema akipika peke yake hula amesimama. Hapo machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wa shati. Mkasi aliketi kando yake, naye hakujua kama analia au anacheka. Alijua tu kwamba anampenda mtu huyu, hivyo hivyo alivyo.

"Nimekubali," akasema.

"Umekubali nini? Sijafika hata katikati."

"Nimekubali. Ila shangazi zangu wakiniuliza ulisema nini, sina la kuwajibu."