Kiwavi Mdomoni mwa Mdakanzi

"Alhamisi, tarehe 6 Juni. Ukungu umelala bondeni, hakuna upepo. Makinda wote watano wameruka."

Hivyo ndivyo nilivyoandika katika daftari la darasa. Katika mistari ile, ukungu na upepo tu ndivyo vilivyokuwa vya kweli.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na zamu ya kulinda kiota ilikuwa yangu. Kila alasiri baada ya masomo nilipaswa kupanda njia ya chemchemi hadi kwenye mwaloni mkongwe, nikae nusu saa, kisha niandike nilichokiona. Mwaloni ule ulikuwa na tawi moja kubwa lililokauka. Ndani ya tawi kulikuwa na tundu, na ndani ya tundu waliishi wadakanzi wawili.

Mdakanzi ni mdogo kuliko shomoro. Dume ni mweusi mgongoni na mweupe kifuani, na juu kidogo ya mdomo ana doa jeupe, kama aliyechovya uso kwenye bakuli la maziwa. Jike ni wa kahawia iliyofifia, ukimtazama haraka humwoni. Mdakanzi hukaa kwenye kijiti akitikisa bawa moja, halafu huruka ghafla, humdaka nzi hewani, na kurudi kutua kwenye kijiti kingine. Hufika kwetu mwezi wa Aprili kutoka ng'ambo ya jangwa, hutaga, hulea, kisha huondoka. Nilikuwa nimeyaona mayai yao matano kwa kioo kidogo, ya buluu nyepesi. Hilo nililiona kweli.

Baraza la kijiji lilikuwa limeamua tawi lile likatwe kabla ya joto kali. Lilining'inia juu ya njia, na kila kiangazi moto hutembea katika milima yetu ukitafuta kitu kikavu. Mwalimu Lwiza alikwenda kuomba wasubiri makinda wakue. Da Mezyan, mkata miti ambaye sote tulimwita "Da", yaani kaka mkubwa, kwa heshima, ndiye aliyemjibu.

"Sawa, Mwalimu. Siku daftari lenu litakaposema wametoka, ndipo nitakapowasha msumeno. Kabla ya hapo siugusi."

Lakini binti wa shangazi yangu alikuwa anaolewa, na kila alasiri wasichana tulikutana uani kwao kujifunza ngoma. Nilikosa kwenda kwenye mwaloni siku moja, kisha mbili. Siku ya mayai kuanguliwa niliikisia tu, nikaandika tarehe 22 Mei. Baadaye nikakosa wiki nzima. Kitabu cha Mwalimu kilisema makinda hukaa tunduni kama siku kumi na tano. Nikahesabu kwa vidole, nikapata tarehe 6 Juni. Nikaandika.

Jioni ile ile Da Mezyan alibisha mlangoni kwetu, kofia mkononi.

"Binti yangu Ghenima, nasikia wametoka. Nisomee mwenyewe nisikie."

Nikamsomea.

"Nisomee tena."

Nikamsomea tena, na sauti yangu haikutetemeka. Aliweka mkono kifuani, akasema, "Mungu akuzidishie elimu. Basi, Jumamosi."

Ijumaa nilisali pamoja na Setti, bibi yangu. Alipoinua mikono kuomba dua, nilishindwa kusema amina.

"Una nini wewe?" akaniuliza. "Unasali kama mtu aliyeacha chungu motoni."

"Nimechoka tu, Setti."

Huo ulikuwa uongo mwingine, na niliusema nikiwa bado nimekaa juu ya mkeka wa sala.

Jumamosi kijiji kizima kilitoka kufanya kazi ya pamoja. Wanaume walifyeka nyasi, wanawake walileta mikate na maziwa ya mgando. Mimi na rafiki yangu Sekura tulibeba kapu la tini kavu. Tulipofika, Da Mezyan alikuwa tayari amepanda ngazi, na wenzake wawili wameshika kamba iliyofungwa kwenye tawi ili lisianguke kwa kishindo.

Ndege dume alikuwa ametua juu ya kamba ile. Alitikisa bawa moja. Mdomoni alibeba kiwavi wa kijani, mnene, anayejikunja.

"He!" alisema Sekura. "Yule mbona hamezi? Anampelekea nani?"

Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza. Nilipaswa kupiga kelele wakati ule ule, na hewa ya kupigia kelele nilikuwa nayo kifuani. Lakini niliziona nyuso za watu wote, nikamwona Mwalimu Lwiza akicheka na wanawake, nikaona aibu. Niliona aibu kwa muda usiozidi wa kuvuta pumzi tatu. Msumeno ukanguruma. Nilipofungua mdomo, hakuna aliyenisikia.

Tawi lilishuka kwa kamba, likagonga ardhi. Injini ilipozimwa, sote tukasikia vilio vyembamba kutoka ndani ya tawi.

Da Mezyan aliteremka ngazi polepole. Akapiga magoti, akachungulia tunduni, kisha akaketi chini pale pale.

"Mezyan!" kijana mmoja alimtania. "Hata paka huwaacha makinda wakue kwanza!"

Wengine walicheka. Yeye hakucheka. Alivua kofia akaitazama. "Nilisomewa," alisema. "Nilisomewa mara mbili." Hakutaja jina langu. Hakunitazama hata kidogo, na hilo ndilo lililonivunja. Niliweka kapu chini.

"Ni mimi," nilisema. "Msimcheke. Sikuja hapa wiki nzima. Nilikuwa kwenye ngoma. Niliandika uongo."

Sekura alinivuta mkono, akanong'ona, "Wewe Ghenima, nyamaza, watakumaliza!" Nikautoa mkono wangu.

Mwalimu Lwiza alikuja akiwa amekunja uso. "Kumbe kila siku uliponiambia umetoka huku, ulinidanganya?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tutazungumza. Kwanza tuone walio hai."

Makinda wanne walikuwa wamefungua midomo ya manjano. Wa tano hakusogea. Mwalimu alimtoa, akamweka kiganjani mwangu. Alikuwa bado na joto.

Da Mezyan aliinuka. Alipima kwa shubiri juu ya tundu na chini yake, akaziba tundu kwa kitambaa cha shingoni mwake, akakata gogo kwa msumeno wa mkono, taratibu, kama anayekata mkate wa mgonjwa. Wakalipandisha, wakalifunga kwenye shina lile lile, karibu na mahali lilipokuwa, tundu likitazama mashariki kama zamani, naye akakiondoa kitambaa. Kisha wote tukarudi nyuma hadi kwenye chemchemi.

Dume alikuja. Alitua, akatikisa bawa, akaruka akaenda zake. Akarudi, akaenda tena. Watu walikula mikate huku wakiutazama mti. Mimi nilikuwa nikiomba kimya, sijiombei mimi: "Ee Mola, usiwaadhibu kwa ajili yangu." Ndipo jike, yule wa kahawia ambaye hakuna aliyemwona akija, akaingia tunduni na kiwavi, akatoka bila kitu mdomoni.

Da Mezyan alishusha pumzi. Akaja kuketi kando yangu.

"Nikwambie jambo, binti yangu. Utoto wangu wote nilichunga mbuzi, kusoma sikujua. Mtu akinisomea kitu, nakiamini kuliko macho yangu. Leo asubuhi, kabla hamjafika, nilimwona dume akiingia tunduni. Nikajiambia, macho yako yamezeeka, Mezyan, daftari limeshasema." Alivaa kofia yake. "Ukiandika, watu ambao hujawafikiria watakata miti kwa maneno yako. Kwa hiyo andika ulichokiona. Kama hukuona, andika sikuona. Hakuna atakayekucheka kwa hilo."

Kuanzia siku ile nilipanda kila alasiri. Mwalimu Lwiza hakuninyang'anya daftari, ingawa nilimwomba alichukue. "Limeharibiwa na mkono wako, litengenezwe na mkono wako," alisema. Sikuufuta ukurasa wa tarehe sita. Chini yake niliandika kwamba ni uongo, na kwamba kinda mmoja alikufa.

Ijumaa, tarehe 14 Juni, nilifika alfajiri. Makinda walitoka mmoja baada ya mwingine, wenye madoadoa ya kahawia, mkia mfupi. Walikuwa wanne. Baada ya sala ya Ijumaa watu walikusanyika penye mwaloni, na Da Mezyan akasema, "Nisomee." Nilisoma ukurasa wa uongo, kisha wa kweli, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye chemchemi.

"Na kuanzia sasa?" aliuliza Mwalimu Lwiza.

Nilimtazama Setti, nikamtazama Sekura, kisha Da Mezyan.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote," nilisema, "naahidi sitaandika nisichokiona. Na nikikosea, nitasema kabla msumeno haujawashwa."